Asiyekuwapo na Lake Halipo

(Haya ni mazungumzo ya maofisa wa elimu ya watu wazima na wanakijiji waliokutana kutayarisha sherehe ya Siku ya Wanawake, Machi 8. Tumeyaandika ili wanakisomo wa vijiji vingine nao wayasome na kuyajadili.)



Mmetuita tuzungumze nanyi juu ya sherehe mnayoitayarisha. Tunawashukuru. Hatukuja na maneno mengi. Tumekuja na jambo moja tu. Jambo lenyewe ni hili: sherehe ya akina mama ni nzuri, lakini sherehe peke yake haimpi mwanamke nafasi katika uongozi wa kijiji. Nafasi hiyo hupatikana kwa kuhudhuria mkutano, kusema katika mkutano, na kuchaguliwa na mkutano. Kwa hiyo sherehe yetu tuipange ili iwavushe akina mama kutoka uwanja wa ngoma mpaka kwenye benchi la mkutano.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Leo tutaitazama methali hiyo.

TUJIULIZE KWANZA

Sherehe za Machi 8 tunazijua sote. Akina mama wanashona sare za vitenge. Kwaya inafanya mazoezi. Mgeni rasmi anangojwa, na mara nyingi anachelewa. Risala inasomwa. Ngoma inachezwa, vumbi linapanda. Watu wanakula pilau, jua linatua, kila mtu anakwenda kwake. Kesho yake akina mama wanarudi shambani na kisimani.

Haya. Mwezi unaofuata unaitishwa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wanaume wanakaa mbele, kwenye mabenchi. Akina mama wanakaa nyuma, chini, na watoto mgongoni. Wanaozungumza ni wanaume kumi, kumi na watano. Mwenyekiti anauliza, "Kuna mwenye swali?" Kwa akina mama kimya. Wale wale waliokuwa wakiimba kwa sauti kubwa siku ya sherehe, leo hawana sauti.

Basi tujiulize. Sauti ile ilikwenda wapi?

Hatusemi hivi ili tuidharau sherehe. Kucheza na kufurahi pamoja ni jambo jema, na akina mama wanaofanya kazi mwaka mzima wanastahili siku ya kupumzika. Tunachosema ni kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na sherehe vile vile. Ikishakaribishwa, ipewe jembe ifanye kazi.

NGOMA ILIWAHI KULETA UONGOZI

Wako watu wanaosema ngoma ni mchezo na uongozi ni kazi, na kwamba mambo hayo mawili hayakutani. Historia ya nchi yetu inasema vingine.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Hakukaa shuleni miaka mingi. Watu walimjua kwa kuimba katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 chama cha TANU kilitaka akina mama waingie katika kazi ya kudai uhuru. Bibi Titi alichaguliwa kuongoza sehemu ya akina mama. Je, alianzia wapi? Hakuanza kugonga mlango mmoja mmoja. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma.

Kwa nini huko? Kwa sababu vikundi vilikuwa tayari vimejengwa. Akina mama walijuana na kuaminiana. Vikundi vilikuwa na viongozi wao. Vilikuwa na utaratibu wa kuchanga fedha na kupashana habari. Kiongozi wa ngoma akikubali, kikundi kizima kinaitika. Kwa njia hiyo akina mama wakachukua kadi za TANU kwa maelfu. Ulipoundwa Umoja wa Wanawake, UWT, mwaka 1962, Bibi Titi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Alifariki mwaka 2000.

Tunajifunza nini? Ngoma zilikuwapo hata kabla ya mwaka 1955, nazo zilichezwa na kuisha. Jambo jipya lilikuwa kuzipa ngoma zile kazi ya kufanya.

Hebu tutazame na hapa kijijini. Kuna kikundi cha kuweka na kukopa. Nani anatunza sanduku? Kuna kikundi cha kuzikana. Nani anaandika majina ya waliochanga? Kuna kwaya. Nani anawaita watu na kuwapatanisha wakigombana? Ni akina mama. Basi akina mama tayari wanaongoza. Kutunza fedha za watu thelathini bila shilingi kupotea ni uongozi. Kupatanisha waliogombana ni uongozi. Linalobaki ni kuuchukua ujuzi huo na kuupeleka kwenye meza ya kijiji.

SIKU HII ILITOKA WAPI

Tuseme kidogo juu ya siku yenyewe. Mwaka 1910 akina mama wa nchi mbalimbali walikutana katika mji wa Copenhagen, nchini Denmark. Mama mmoja wa Ujerumani, Clara Zetkin, alikuwa miongoni mwa waliotoa shauri kwamba iwepo siku moja kila mwaka ya kudai haki za wanawake. Mwaka uliofuata, 1911, siku hiyo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza katika Ujerumani, Denmark, Austria na Uswisi. Walitaka wapige kura, wachaguliwe, na wasibaguliwe kazini. Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha Machi 8 mwaka 1975.

Mnaona? Tangu mwanzo ilikuwa siku ya kudai nafasi. Kitenge na pilau vilikuja baadaye. Vinakaribishwa, lakini visikae mahali pa mwenye nyumba.

Ipo na siku nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo inatuhusu sana. Oktoba 15 ni Siku ya Kimataifa ya Mwanamke wa Kijijini. Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2007, na iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2008. Inaangukia siku moja baada ya Siku ya Mwalimu Nyerere. Kijiji kinachotaka kinaweza kuitumia siku hiyo kuangalia ahadi za Machi 8 zimefika wapi.

Na tusidhani kwamba mambo haya ni ya wazungu tu. Mwaka 1995 ulifanyika mkutano mkubwa wa wanawake wa dunia nzima huko Beijing, nchini China. Katibu Mkuu wa mkutano ule alikuwa Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwani katika Ziwa Victoria. Mwaka 2010 Mama Anne Makinda alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge letu, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Machi 19, 2021 Mama Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais wa kwanza mwanamke wa Tanzania.

Lakini hapa tusimame kidogo. Rais akiwa mwanamke, haina maana kwamba mjane wa kitongoji chetu amekwisha pata shamba lake. Shamba lake linaamuliwa hapa hapa, na watu anaowafahamu kwa majina. Kwa hiyo tuje nyumbani.

SHERIA INASEMAJE

Sasa toeni madaftari. Tutasema hesabu, nanyi mziandike.

Kwanza, Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huu ndio mkubwa kuliko vikao vyote vya kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Wote, yaani mwanamume na mwanamke, aliyeolewa, mjane, na binti aliye kwao. Mama hahudhurii kwa niaba ya mumewe. Anahudhuria kwa haki yake mwenyewe. Unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa.

Pili, Halmashauri ya Kijiji. Ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Sheria inataka wanawake wasipungue robo moja ya wajumbe wote. Tupige hesabu. Wajumbe wakiwa 25, robo yake ni sita na kidogo. Mtu hagawanyiki, kwa hiyo wanawake wasipungue saba. Lakini sikilizeni vizuri neno "wasipungue". Halikusema "wasizidi". Robo ni kizingiti cha kuanzia. Wakichaguliwa wanawake kumi na watano, hakuna sheria iliyovunjwa.

Tatu, Baraza la Ardhi la Kijiji. Hili lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Majina hupendekezwa na Halmashauri ya Kijiji, kisha Mkutano Mkuu huyakubali au huyakataa. Kazi yake ni kusuluhisha ugomvi wa ardhi.

Nne, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, yaani Sheria Namba 5 ya mwaka 1999. Sheria hii inakubali mila zetu zitumike katika mambo ya ardhi. Lakini inaongeza kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi, mila hiyo haina nguvu.

Tano, na hili linawahusu ninyi mliohitimu kisomo. Uchaguzi wa viongozi wa vijiji ulifanyika Novemba 27, 2024. Kanuni za uchaguzi ule zilitaka mgombea awe na miaka 21 au zaidi, adhaminiwe na chama cha siasa, na ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Mmesikia? Hazikutaka cheti cha chuo. Zilitaka kusoma na kuandika. Mama aliyejifunza kuandika jina lake akiwa na miaka arobaini, na leo anasoma gazeti hili, mlango ule umefunguka kwake. Kisomo si cha kusoma barua za watoto peke yake.

BIBI MMOJA WA MULEBA

Huenda mtu akasema, "Sheria ni maneno ya mjini." Basi tuwaelezeni habari ya kweli iliyotokea huku huku Kanda ya Ziwa, katika wilaya ya Muleba.

Bibi mmoja alirithi shamba kutoka kwa baba yake. Baba aliandika wosia kabla ya kufa. Miaka ikapita, bibi akazeeka, akawa hana wa kumtunza. Mwaka 1988 aliamua kuliuza shamba lile kwa mtu asiye wa ukoo wao, ili apate fedha za kujikimu. Mwana wa ndugu yake akakasirika, akaenda kushtaki. Alisema kwa mila za Wahaya mwanamke haruhusiwi kuuza shamba la ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia. Uuzaji ukavunjwa.

Bibi hakukubali. Alikata rufaa mahakama ya wilaya, akashinda. Yule kijana naye akakata rufaa, shauri likaenda Mahakama Kuu mjini Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya alitoa hukumu. Alisema mwanamume wa ukoo ule anaruhusiwa kuuza shamba, na mwanamke hakuruhusiwa kwa sababu tu ni mwanamke. Huo ni ubaguzi, na Katiba yetu, iliyoingiziwa haki za binadamu mwaka 1984, imekataza ubaguzi. Bibi akashinda.

Sasa tutafakari. Bibi mzee, asiye na wa kumtunza, alipita mahakama tatu. Je, ni wangapi wenye nguvu za namna hiyo? Ni wangapi waliokata tamaa kwenye mlango wa kwanza? Ni wangapi ambao hawakufika hata huko, kwa sababu wazee wa ukoo walikaa jioni moja, wakaamua, na mjane akabeba mkeka wake na watoto wake akaondoka?

Sheria ya mwaka 1999 iliyaandika wazi mambo ambayo bibi yule aliyapigania. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimsaidii mtu. Mahakama Kuu iko mbali. Baraza la Ardhi la Kijiji liko karibu. Ndiyo maana viti vile vitatu vya akina mama si mapambo. Mjane akiingia mbele ya baraza akakuta wanaume watupu, au akakuta mama watatu walioinamisha vichwa, atasema nini? Na akikuta mama watatu wanaoijua sheria na wasioogopa kuuliza, mambo yatakuwa vingine.

Kwa hiyo mtu asiseme mambo ya uongozi ni ya wanasiasa. Yanahusu shamba. Yanahusu mahali pa kulala watoto.

MBONA VITI VIPO NA SAUTI HAIPO

Tumetembea vijiji vingi katika kazi yetu ya elimu ya watu wazima. Mambo yanayowazuia akina mama ni yale yale.

La kwanza ni saa. Mkutano unaitwa saa nne asubuhi, wakati mama yuko shambani, au jioni anapotafuta maji na kuni. Halafu tunasema, "Akina mama hawapendi mikutano." Si kwamba hawapendi. Wameitwa wakati ambao hawawezi.

La pili ni mahali pa kukaa. Mtu aliyekaa chini, nyuma ya watu wote, akitaka kusema inambidi asimame, ajifunge kanga vizuri, amtulize mtoto, apaze sauti ipite vichwa vya watu. Mpaka amalize hayo, mwenyekiti amekwisha pita kwenye jambo jingine.

La tatu ni kicheko. Mama anasimama, anasema neno la kwanza, kijana mmoja anatoa mzaha, watu wanacheka. Mama anaketi. Siku hiyo hanyamazi yeye peke yake. Wananyamaza na wengine ishirini waliokuwa wakimtazama.

La nne ni majina ya kujaza nafasi. Sheria inataka wanawake, basi linaandikwa jina la mama ambaye hata hakuulizwa. Anaitwa kikaoni siku ya kutia sahihi tu. Kwenye karatasi hesabu imetimia, lakini kiti ni kitupu.

La tano liko kwetu wenyewe akina mama. Mwenzetu akisimama kugombea, wengine wanamsema kisimani, "Eti anataka makuu." Jamani, kidole kimoja hakivunji chawa. Tukimvunja moyo aliyethubutu, nani atathubutu tena?

SHEREHE IFANYE KAZI

Basi tuje kwenye sherehe yenyewe. Tunashauri mambo saba. Mnaweza kuongeza au kupunguza kadiri ya hali ya kijiji chenu.

1. Kamati iwe ya watu wote. Ikiwa ni watu kumi, wawe akina mama watano na akina baba watano, na mwenyekiti awe mama. Mtunza fedha asome hesabu mbele ya watu sherehe ikiisha. Hapo watu watajionea kwa macho kwamba mama anaweza kuongoza na kutoa hesabu.

2. Kazi zigawanywe. Ni aibu siku ya akina mama ikawa ndiyo siku wanayochoka kuliko siku zote, wao jikoni na wanaume kwenye viti. Vijana wachote maji na kupasua kuni. Akina baba waonje moshi kidogo. Hakuna atakayekufa kwa kukoroga sufuria.

3. Mabenchi ya mbele yawe ya akina mama, pamoja na wazee na watu wenye ulemavu. Na desturi hiyo isiishie Machi 8. Iendelee katika kila Mkutano Mkuu.

4. Sheria isomwe na mwanakisomo. Badala ya kungoja mgeni rasmi atuhutubie, mama mmoja aliyehitimu kisomo asimame, asome zile hesabu tulizoandika leo. Asome pole pole. Akikwama, asirukiwe, angojwe. Watu watasikia sheria, na tena watamwona mwenzao akisoma mbele ya mgeni.

5. Uwepo mchezo wa kuigiza mkutano. Watu wachache waigize Mkutano Mkuu. Awepo mwenyekiti, awepo mtendaji anayesoma mapato na matumizi, awepo mtu wa mizaha, na awepo mama anayeuliza, "Fedha za ukarabati wa kisima zimekwenda wapi?" Watu watacheka sana. Lakini watakuwa wamejifunza jinsi swali linavyoulizwa na jinsi mwenyekiti anavyotakiwa kujibu. Ngoma nayo itunge nyimbo za mambo hayo hayo. Wimbo unakaa kichwani kuliko hotuba yetu hii.

6. Majina yaandikwe. Kabla watu hawajatawanyika, iulizwe: ni mama gani yuko tayari kuingia kamati ya shule, kamati ya maji, au mojawapo ya kamati za Halmashauri ya Kijiji? Asilazimishwe mtu, na asiandikwe asiyekuwapo. Uongozi hujifunzwa ngazi kwa ngazi. Uchaguzi wa vijiji kwa kawaida ni kila baada ya miaka mitano. Aliyeanza leo kwenye kamati ya maji, uchaguzi ukifika atakuwa anajulikana kwa kazi yake.

7. Ahadi ziandikwe kwenye daftari. Zisiwe nyingi. Tatu zinatosha. Kwa mfano: mkutano uitishwe saa ambayo akina mama wanaweza kufika, mwenyekiti asifunge jambo kabla ya kuuliza upande wa akina mama, mama watatu wa Baraza la Ardhi wapatiwe nakala ya sheria na wasomewe. Daftari likae kwa katibu wa kikundi. Mkutano Mkuu ukifika, katibu ahesabu: akina mama waliohudhuria ni wangapi, na waliosema ni wangapi? Aandike tarehe na hesabu. Baada ya mwaka mmoja msituulize sisi kama sherehe ilifaa. Lifungueni daftari, litawaambia.

Kuna faida nyingine ya kuhudhuria. Kwa sheria ya mwaka 2018, halmashauri za wilaya na miji hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Habari za namna hiyo hutangazwa mikutanoni. Kikundi ambacho hakina mtu mkutanoni huzisikia zikiwa zimepita.

KWA AKINA BABA NA WAZEE WETU

Sasa tunaomba ruhusa ya wazee tuseme na akina baba. Tunajua baadhi yenu mna mashaka, na ni haki yenu kuuliza.

Baba mmoja atauliza, "Mke wangu akiwa mjumbe, nani atapika?" Tunamjibu kwa heshima. Baba, wewe ulipokuwa mjumbe, shamba lililimwa na nani? Lililimwa na mama na watoto, kwa sababu nyumba ilijipanga. Na mama akiwa mjumbe nyumba itajipanga. Kikao ni siku moja moja, si kila siku.

Mwingine atasema, "Mila zetu haziruhusu." Wazee ndio wajuzi wa mila, nasi hatukuja kuwafundisha. Lakini wazee wenyewe wanajua kwamba shauri gumu lilipoletwa, bibi mzee wa nyumba aliulizwa neno lake kabla halijakatwa. Tunaomba lile neno lililokuwa likisemwa ndani ya nyumba lisemwe na barazani.

Wa tatu atasema, "Akina mama wakipewa nafasi watatupanda kichwani." Ndugu zetu, uongozi wa kijiji si mbeleko ya kugombaniwa. Kisima kikikauka, anayejua kwanza ni nani? Dawa zikikosekana zahanati, anayerudi na mtoto mgongoni ni nani? Mtu anayelijua tatizo akikaa kwenye kikao, kijiji kizima kinafaidi, na baba naye anakunywa maji yale yale. Tena binti yako akiolewa mbali, ungependa amkute nani kwenye Baraza la Ardhi la huko siku atakapopata matatizo?

TUMALIZIE

Ndugu wananchi, tumesema tulilokuja kusema. Chezeni ngoma. Vaeni vitenge. Pikeni pilau, na sisi mtukaribishe. Lakini siku ya Mkutano Mkuu utakaofuata, akina mama wote waliocheza waje. Wakae mbele. Na angalau mmoja anyooshe mkono.

Akinyoosha mkono, asichekwe. Asikilizwe.

Asiyekuwapo na lake halipo. Na aliyekuwapo akanyamaza, naye ni karibu sawa na asiyekuwapo.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika Halmashauri ya kijiji chenu kuna wajumbe wangapi? Wanawake ni wangapi? Je, hesabu hiyo inafika robo?

2. Watajeni kwa majina wanawake watatu wa Baraza la Ardhi la Kijiji chenu. Kama hamwajui, mtawauliza nani?

3. Mkutano Mkuu wa mwisho uliitishwa saa ngapi? Saa hiyo akina mama walikuwa wapi?

4. Bibi wa Muleba alipita mahakama tatu. Ingekuwa ni kijijini kwenu leo, angeanzia wapi, na angesaidiwa na nani?

5. Andikeni ahadi tatu mtakazozitoa siku ya sherehe. Mwandike na jina la mtu atakayelitunza daftari.